Limonini "inatibu" wasiwasi? Hebu kwanza tukae na hiki kitenzi

Msomaji wangu mmoja wa Kisauni ameniandikia: "Shikamoo Mwalimu. Vijana huku mtaani wanasema bangi yenye harufu ya limau ni nzuri manake ina kitu kinaitwa limonini na hicho kitu kinatibu wasiwasi. Mwenzangu akasema hapana, sema kinaponya wasiwasi. Tumebishana mpaka chai ikapoa. Sahihi ni ipi? Na limonini iko ngeli gani?"

Marahaba mwanangu. Mmekosea nyote wawili, na nimefurahi mmeuliza, manake hiki kitenzi kutibu kimenikwama kooni miaka na leo lazima nikitoe.

Limonini kwanza, haraka haraka. Ni kitu kilichomo kwenye mafuta ya maganda ya machungwa, malimau, ndimu, machenza na wenzao, ndiyo yanayoleta ile harufu ukimenya. Mafuta ya ganda la chungwa, zaidi ya asilimia 90 ni limonini tupu. Chukua ganda bichi ulikamue karibu na mshumaa uone cheche zinavyoruka, hiyo ndiyo inayowaka. Mimea mingine inayo pia, bangi ikiwemo. Jina lenyewe ni ukoo mmoja na limau letu, Waarabu na Waajemi walikuwa nalo, Wareno wakalichukua. Basi, hapo tumemaliza.

Sasa kutibu. Wiki iliyopita nimepita Marikiti, kuna jamaa ana mkokoteni na spika, anauza vichupa vya mafuta ya maganda ya limau, na ile spika hainyamazi: inatibu presha, inatibu sukari, inatibu wasiwasi, inatibu kiungulia, inatibu mafua, inatibu uchovu. Mimi nilikuwa nanunua ndimu za shilingi 50 tu, na mpaka nimefungiwa karatasi nimehesabu inatibu mara 17. Mara mama mmoja akasogea, ameshika kichupa, akauliza kwa upole, "Kwa hivyo mzee wangu aache vile vidonge vya presha?" Jamaa akamjibu, "Mama, si umesikia inatibu?"

Wallahi niliziacha ndimu nikaenda nikamwambia yule mama dadangu usimwachishe mzee vidonge vyake, kwanza rudini kwa daktari mkamuulize. Yeye alichosikia ni kitenzi kimoja na alitaka kukitii kama kilivyo. Kwa hivyo mtu akiniambia Mwalimu hayo ni maneno tu, watu wanaelewana, namwambia hapana, hawaelewani, mimi nilikuwepo.

Sikizeni vizuri. Kutibu kumetoka kwenye tibu ya Waarabu, ndiko alikotoka tabibu. Ni kazi ya mtu anayemshughulikia mgonjwa, anampima, anampa dawa, anamfuatilia. Kuponya ni kumfanya mtu apone, pona, ponya, kama vile ona na onya, hilo ni letu la Kibantu. Sasa chukua sentensi hii ambayo nimeifundisha tangu chaki ilikuwa senti: "Juma ametibiwa lakini hajapona." Iko sawa kabisa, kila mtu Mombasa ana Juma wake nyumbani, ametibiwa mwaka mzima na bado kifua kinambana. Igeuze sasa: "Juma ameponywa lakini hajapona." Imevunjika, haisimami hata ukiishikilia kwa mikono miwili. Ongeza ya tatu: "Juma ametulizwa lakini hajatibiwa." Hiyo nayo inasimama, manake maumivu yamepoa na ugonjwa uko palepale haujaguswa. Na nne: "Juma amepona bila kutibiwa," inasimama pia, mafua ya kawaida ndiyo mambo yake hayo. Juma mmoja, sentensi nne, na ukiweka inatibu kila mahali huwezi tena kujua Juma yuko hali gani, mkewe pia hawezi kujua.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba maneno tunayo, tena mengi. Marehemu bibi yangu wa Kuze hakusoma hata darasa moja, lakini nikiwa na mafua alikuwa anakata ndimu, anaikamulia kwenye maji ya moto na asali, ananiambia, "Kunywa ikufungue kifua." Tangawizi ilikuwa ya kukata kichefuchefu. Maji ya madafu ya kupoza mwili. Mafuta ya nazi ya kulainisha ngozi, karafuu ya kutuliza jino, kahawa chungu ya kuchangamsha. Kila kitu na kitenzi chake, na mimi sijawahi kumsikia hata siku moja akisema ndimu inatibu. Jino akisema karafuu italituliza, kesho yake asubuhi anakupeleka kwa daktari wa meno, manake alijua alichosema.

Haya, turudi kwa vijana wenu. Hiyo habari ya wasiwasi haikutoka hewani. Mwaka wa 2024 watafiti wa Johns Hopkins na wa Chuo Kikuu cha Colorado, huko Marekani, walitoa utafiti wa watu wazima 20 wenye afya. Waliwavutisha mvuke wa THC, yaani ile inayolevya kwenye bangi, mara THC peke yake, mara limonini peke yake, mara zote mbili pamoja, mara nyingine mvuke usio na kitu. Wakipewa zote mbili wasiwasi na ile hofu ya kudhani watu wanakuandama vilipungua, na kadri limonini ilivyoongezwa ndivyo vilivyozidi kupungua, zaidi kabisa pale miligramu 30 za THC zilipowekewa miligramu 15 za limonini. Limonini peke yake? Ilikuwa sawa na ule mvuke usio na kitu.

Soma tena polepole. Wasiwasi uliopungua ni ule ulioletwa na THC yenyewe. Sasa hapo nani kamtibu nani? Mtu anakumwagia maji halafu anakupa taulo, utasema taulo limekutibu? Limekukausha. Na wale watu 20 hawakuwa wagonjwa wa wasiwasi, kwa hivyo hakuna wa kutibiwa wala wa kuponywa, kitenzi kinachofaa ni kupunguza, na chake cha kupunguziwa lazima kitajwe: inapunguza wasiwasi unaoletwa na THC. Ukikata hiyo nusu ya mwisho umesema uongo kwa sarufi safi. Na ule ulikuwa mvuke uliopimwa kwa miligramu, msokoto wa kichochoroni hakuna aliyeupima, moshi wake unachoma mapafu vilevile, na bangi Kenya bado ni haramu kwa sheria ya 1994, harufu ya limau haibadilishi lolote hapo.

Jambo lingine, hu-. Mkisema "limonini hupunguza" mmesema ni kawaida yake, siku zote, kwa kila mtu. Watu 20 hawatoshi kubeba hu-. Sema "huenda ikapunguza", neno lenyewe tunalo, huenda, halilipiwi ushuru. Na mkitaka hu- yenye haki yake ipo: limonini iliyokaa wazi ikapigwa na hewa huwasha ngozi za baadhi ya watu, hiyo ni kawaida inayojulikana, ndiyo maana Ulaya lazima itajwe kwenye vibandiko vya sabuni na marashi.

Wasiwasi nao ni neno zito, kwa Kiarabu ni ule mnong'ono wa kukutia shaka moyoni, aliyesoma chuoni anaujua kwenye sura ya mwisho ya Kur'ani. Mtu aliye nao kwelikweli, halali, moyo unamwenda mbio kila siku, huyo anastahili kutibiwa, kwa maana kamili ya tibu, na tabibu wa mtu, ana kwa ana.

Kwa hivyo andika: "Huenda limonini ikapunguza wasiwasi unaoletwa na THC." Ngeli ni I-ZI, limonini hii, limonini yenyewe. Ganda ni LI-YA, ganda la limau, maganda ya malimau, na ukiniandikia tena "maganda za limau" kama ulivyofanya kule chini ya barua yako, nitakurudishia na kalamu nyekundu.