Amplifaya gani kwa bendi inayopiga shoo?

Swali: Habari mhariri, napiga gitaa kwenye bendi, leo rumba kesho roki, na hela yangu ni ndogo. Ninunue amplifaya ya wati ngapi?

Jibu: Ndugu yangu, wati zisikutishe kabisa, ukitoka 50 kwenda 100 unaongeza desibeli 3 tu, yani sauti inapanda kidogo tu, we angalia spika kwanza, ya inchi 12 ndo inasimama vizuri mbele ya dramu. Mimi ningechukua Boss Katana 100, haina valvu (zile taa za kioo za kukuza sauti, huchakaa) za kubadilisha, efekti (kama mwangwi) zimo humo humo na kuna swichi inashusha nguvu hadi wati 0.5 ukifanya mazoezi chumbani, yani kwa bei yake inabeba mengi sana. Ukipata iliyotumika iwashe uzungushe kila kitufe taratibu, sauti ikikwaruza omba punguzo, mara nyingi ni vumbi tu.