Kutoka kinanda cha kwaya hadi ogani

Mkuu, umeuliza kijana wenu anayepigia kwaya hapo Tabora aanzie wapi ili afike kwenye ogani na piano ya klasiki. Kwanza aachane na kitufe cha transpozi, kile cha kupandisha au kushusha sauti za kinanda. Wengi hunasa hapo: kila wimbo wanaupiga kwa skeli ya C, kinanda kinawahamishia sauti, wakikalishwa kwenye piano halisi skeli ya E flati inawashinda.

Funguo 61 zinatosha kuanzia, ingawa piano ina 88 tena nzito. Ogani haina pedali ya kushikilia sauti. Ukiachia ufunguo, imekatika. Hivyo azoee kubadilisha kidole juu ya ufunguo uleule bila kuuinua, polepole, mkono mmoja mmoja. Pedali za ogani, yaani funguo zinazopigwa kwa miguu, mara nyingi 30 au 32, zisubiri.

Mitihani ya ABRSM, bodi ya Uingereza ya mitihani ya muziki? Kabla ya gredi ya 6, sharti la kawaida ni kufaulu nadharia ya muziki gredi ya 5. Aanze nayo mapema.