Maswali ya Wasomaji: Mbolea kwenye Misindano

Shikamooni wataalamu. Nina ekari 2 za mipaina (misindano), ina miaka miwili na nusu. Msimu wa mvua uliopita niliweka urea gramu 100 kila mti, nikijua itanyanyuka kama mahindi. Sasa nyasi zimenifika kifuani, miti imeinama na matawi yamekuwa mazito. Niongeze mbolea? (Mkulima, Buhigwe)

Marahaba. Usiongeze hata kizibo.

Urea ina naitrojeni asilimia 46, na aliyeila kwanza ni nyasi, kwa sababu mizizi yake imetanda juu juu mahali pale pale ulipomwaga. Kiasi kilichoufikia mti kimekwenda kwenye sindano (majani yake membamba) na matawi, mizizi ikabaki nyuma. Ndiyo maana unaona shina refu, laini, lenye kichwa kizito: upepo ukivuma linalala. Na kama urea uliiacha juu ya udongo bila kuifukia, sehemu yake imepotea hewani.

Anza na jembe. Piga palizi ya kisahani, upana wa mita 1 kuzunguka kila shina, na nyasi za katikati zifyekwe kabla hazijakauka, maana hizo ndizo zitakazobeba moto wa kiangazi hadi kwenye matawi ya chini. Miti yenye shina pacha iwekee alama. Hiyo ndiyo itoke kwanza wakati wa kupunguzia, yaani kukata baadhi ya miti ili inayobaki ipate nafasi.

Habari za mbolea ya naitrojeni msituni si uongo. Sweden na Finland huweka kilo 150 hivi za naitrojeni kwa hekta, na msitu huongeza mita za ujazo 10 hadi 20 za mbao katika miaka kama 10. Lakini huko ardhi ni baridi, sindano zilizodondoka huchelewa kuoza na naitrojeni hufungwa humo. Tena wanaoweka wanaweka kwenye msitu mkubwa uliokwisha kufungamana vichwa, ambao kivuli chake kimeua nyasi. Kusini-mashariki mwa Marekani misindano ya umri wa kati hupewa naitrojeni kilo 225 pamoja na fosforasi kilo 28 kwa hekta, kwa kuwa naitrojeni peke yake haitoshi pale fosforasi ilipopungua.

Kwenye udongo mwekundu wenye tindikali, kama ulio sehemu nyingi za nyanda zenu, chuma na alumini huishika fosforasi, mzizi usiipate. Kwa hiyo utakapopanda kipande kingine, fikiria fosforasi kwanza: TSP (mbolea ya fosforasi) gramu 60 kwa mche, ndani ya wiki 6 tangu kupanda. Chimba vishimo viwili, kimoja kila upande, sentimita 15 kutoka kwenye shina, kina sentimita 8, gawa nusu kwa nusu na ufukie. Ukisogeza karibu zaidi utaunguza mizizi. Kwa nafasi ya mita 3 kwa 3 ekari ina miti kama 450, yaani kilo 27 za TSP, zaidi kidogo ya nusu mfuko. Pima kwa mizani ya duka mara moja, kisha tafuta kikopo kinachobeba gramu 30 na ukikate usawa huo.

Nina mifuko 2 ya NPK 10:18:24 (mbolea ya naitrojeni, fosforasi na potasiamu) iliyobaki kwenye tumbaku. Naweza kuiweka kwenye misindano? Ncha zake zinakufa kila kiangazi, halafu vinachipua vichipukizi vingi kama ufagio. (Msomaji, Sikonge)

Kuiweka unaweza, ila si dawa ya ugonjwa unaoueleza. Kupata fosforasi sawa na ya gramu 60 za TSP utahitaji gramu 150 hivi za NPK hiyo, na potasiamu nyingi itakwenda bure.

Ncha kufa kiangazi, utomvu kutiririka chini yake, sindano za juu fupi zilizokunjamana, kisha ufagio: hapo tunashuku upungufu wa boroni, kirutubisho ambacho mti hukihitaji kidogo tu. Udongo wa kichanga wa Tabora hauishiki vizuri, mvua huishusha chini. Kiangazi tabaka la juu linapokauka, mzizi haupati maji ya kuibeba, na msindano huitoa kwa shida kwenye majani ya zamani kuipeleka kileleni. Kichomoza, yaani ncha changa ya juu, ndicho kinachokosa.

Kabla ya kununua chochote, chunguza. Ukiona pamba nyeupe kwenye tako la sindano, hao ni wadudu wanaofyonza utomvu. Mti ukinyauka wote, fukua mzizi uangalie mchwa. Kama si hayo, nyunyiza boraksi (chumvi yenye boroni) gramu 20 kwa mti uliozidi mita 2, au gramu 10 kwa mdogo, mvua zinapoanza Novemba, kwenye duara la nusu mita kutoka kwenye shina. Usiirundike. Boroni haina msamaha: ikizidi, ncha za sindano huungua rangi ya kahawia. Acha mistari miwili bila kuweka. Kiangazi kinachofuata itakuambia ukweli. Mwenye shamba kubwa apeleke sindano zilizokomaa za msimu huu, kutoka theluthi ya juu ya mti, zikapimwe maabara. Naitrojeni ikiwa chini ya asilimia 1.2 au fosforasi chini ya 0.1, kuna upungufu.

Mbolea haiharibu mbao? (Seremala, Tabora mjini)

Huharibu kidogo. Pete za miaka michache baada ya naitrojeni huwa pana na nyepesi, kisha hurudi kawaida. Kinachoharibu mbao zaidi ni kuvuna mti mchanga, ambao karibu wote ni mbao za katikati, zile zinazojipinda zikikauka.

Miche yangu kwenye viriba imegeuka zambarau na haikui. Nimeweka DAP (mbolea ya naitrojeni na fosforasi) mara mbili, bado. (Mwenye kitalu, Kasulu)

Zambarau ni njaa ya fosforasi, lakini DAP zaidi itazidisha tatizo. Msindano hula kwa msaada wa kuvu wanaoishi kwenye mizizi yake, na fosforasi ikirundikana kuvu hao hawashiki. Udongo ambao haujawahi kuota misindano mara nyingi hauna kuvu wa aina inayofaa.

Nenda chini ya misindano mikubwa yenye afya, ondoa sindano kavu, chota udongo wa sentimita 10 za juu wenye nyuzi nyeupe. Usiuanike juani. Kwenye mchanganyiko mpya weka debe 1 kwa madebe 10. Kwa miche iliyokwisha ota, toboa kishimo kwa kijiti kando ya mzizi, jaza kijiko kimoja, mwagilia, na DAP isimame.

Baada ya wiki 8 chana viriba vitatu vya sehemu tofauti, suuza mizizi taratibu kwenye beseni. Ncha zilizopata kuvu ni nene, fupi, zimegawanyika kama uma. Miche isiyo na uma huo isitoke kitaluni.