Uvumi wa chanjo na usonji: kwa nini niliuamini, na namna ya kuzungumza na anayeuamini

Mwanangu wa kwanza, Idrisa, alichomwa dozi ya pili ya chanjo ya surua na rubela akiwa na miezi 18, kama kadi yake ya kliniki inavyoonyesha. Wiki chache baadaye bibi yake alitamka jambo ambalo sisi wazazi tulikuwa tukilikwepa, kwamba mtoto huyu haongei. Maneno mawili matatu aliyokuwa nayo yalikuwa yamepotea, na mwenyewe alikuwa amejifungia katika dunia yake. Daktari alipotuambia kwamba ni usonji (kwa Kiingereza, autism), Idrisa alikuwa na miaka 3 na nusu, na katika muda huo wote nilikuwa nimekwisha kujitafutia jibu langu.

Jibu hilo lilinifikia kwa ujumbe wa sauti katika kundi la WhatsApp la ukoo. Mwanamke mwenye sauti ya upole, asiyejitaja jina, alieleza kwa Kiswahili kizuri kwamba madaktari wa Ulaya wamegundua kuwa chanjo ya surua inaharibu ubongo wa mtoto na kumletea usonji, na kwamba habari hizo zimefichwa. Usiku ule niliusikiliza mara nne au tano. Niliuamini, na kwa kuuamini nilimchelewesha binti yangu, mdogo wake Idrisa, dozi yake ya miezi 9 mpaka alipofika miezi 16. Ninaandika kwa ajili ya msomaji mwenye dada, wifi au jirani anayeamini kama nilivyoamini mimi.

Jambo la kwanza la kulifahamu ni kwamba uvumi huu haukunikuta mtupu. Kabla yake nilikuwa nimepewa maelezo mengi ya hali ya mwanangu, na yote yalinielekea mimi. Nilimtoa nje saa za magharibi. Nilikula nisichopaswa kula nikiwa mjamzito. Nilimwachia msichana wa kazi na televisheni. Kuna aliyesema ni degedege ambalo halikutibiwa kienyeji, na kuna aliyeuliza, mbele ya mume wangu, kama upande wa kwetu kuna watoto wa namna hii. Nao wataalamu hawakuwa wema zaidi siku zote, kwani katika miaka ya 1950 na 1960 madaktari wengi wa Marekani na Ulaya walifundisha kwamba usonji unaletwa na mama asiyempenda mtoto wake, fundisho ambalo baadaye lilionekana kuwa la uongo kabisa. Sasa mwanamke aliyebeba lawama hizo zote akiambiwa kwamba mkosaji ni sindano, na kwamba yeye alidanganywa tu kama walivyodanganywa wengine, anapata pumziko ambalo hajawahi kupewa na mtu yeyote.

Kisha linganisha pumziko hilo na maelezo ya kweli. Sayansi inasema kwamba sehemu kubwa ya usonji inatokana na vinasaba, ambavyo vinahusika vingi kwa pamoja, na kwamba tofauti katika ukuaji wa ubongo huanza mtoto akiwa bado tumboni. Daktari wetu aliyasema haya kwa nia njema, lakini mimi nilisikia jambo moja tu, kwamba tatizo limerudishwa tumboni mwangu. Hii ndiyo sababu ninayoiona kuwa kubwa kuliko zote. Uvumi unamwondolea mama hatia, na ukweli, usiposemwa kwa uangalifu, unamrudishia.

Sababu nyingine ni ya kalenda. Umri wa kati ya mwaka mmoja na miwili ndio umri ambao wazazi wengi huanza kuona kwamba mtoto haitikii jina, haonyeshi kitu kwa kidole, au anapoteza maneno, na ndio umri huohuo wa chanjo ya surua. Matukio mawili yanayotokea katika mwezi mmoja yanafungamana katika kumbukumbu, hasa kumbukumbu ya mzazi mwenye uchungu anayerudi nyuma kila usiku kutafuta siku ambayo mambo yaliharibika.

Mimi nilifunguliwa fundo hilo na simu ya zamani. Tulikuwa tunatafuta picha za marehemu baba mkwe, mume wangu akaichaji simu iliyokuwa kabatini, na ndani yake tukakuta video ya siku Idrisa alipotimiza mwaka mmoja. Ameketi kwenye mkeka, ameshika kifuniko cha chupa ya chai na anakizungusha sakafuni. Sauti yangu inasikika: "Idrisa! Idrisa, mwangalie baba!" Nikahesabu. Nilimwita mara saba. Hakuinua uso hata mara moja, na mimi katika video ile ninacheka, ninasema mtoto wangu yuko kazini. Ilikuwa miezi sita kabla ya sindano niliyokuwa nikiilaumu. Baadaye nilikuja kujua kwamba mwaka 1994 watafiti nchini Marekani waliangalia video za nyumbani za watoto wakisherehekea mwaka wao wa kwanza, na dalili zilikwisha kuonekana kwa wengi wa wale waliokuja kutambuliwa kuwa na usonji.

Msomaji makini ataniuliza kuhusu dozi ya kwanza, ile ya miezi 9. Hata mimi nilijiuliza, na hapo nikaelewa kwamba mtoto mmoja, hata awe wangu, hawezi kulijibu swali hili, kwa sababu sina Idrisa wa pili ambaye hakuchanjwa nikawalinganisha. Linahitaji watoto wengi sana, waliochanjwa na wasiochanjwa. Nchini Denmark walifanya hivyo kwa watoto 657,461 waliozaliwa kati ya 1999 na 2010, na matokeo yakatolewa mwaka 2019: waliopata chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela hawakuwa na usonji zaidi ya wale ambao hawakuipata, na ilikuwa hivyo hata kwa watoto ambao kaka au dada zao walikuwa na usonji. Sentensi hiyo ya mwisho niliisoma nikimfikiria binti yangu.

Kuhusu wale "madaktari wa Ulaya" wa kwenye ujumbe, habari zao zinajulikana. Februari 1998 daktari Andrew Wakefield na wenzake 12 walichapisha makala katika jarida la kitabibu la The Lancet kuhusu watoto 12 tu, wakidokeza kwamba huenda chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela inahusiana na usonji. Mwaka 2004 mwandishi wa habari Brian Deer alifichua kwamba Wakefield alikuwa akilipwa kupitia wakili aliyekuwa akiandaa kesi dhidi ya watengenezaji wa chanjo, na malipo hayo yalikuja kujulikana kuwa pauni 435,643. Mwaka huohuo waandishi wenzake 10 walijitenga na tafsiri iliyotolewa katika makala ile. Mwaka 2010 jarida liliifuta makala yote, na Wakefield akaondolewa katika orodha ya madaktari wa Uingereza. Nilipoyajua haya niliona hasira kwanza, halafu nikauliza kwa nini makala iliyofutwa mwaka 2010 ilinifikia mimi ikiwa hai. Jibu ni kwamba ujumbe wa sauti hauna tarehe, na kwamba habari ya kutisha hutumwa na mtu anayekupenda, ilhali taarifa ya kuifuta haitumwi na mtu yeyote. Hata jina la chanjo halikuwa letu: makala ile ilihusu sindano ya magonjwa matatu, na sindano ya kliniki zetu Tanzania, tangu mwaka 2014, ni ya surua na rubela, haina matumbwitumbwi.

Tena uvumi huu haukai mahali pamoja. Ukijibiwa kuhusu surua unahamia kwenye zebaki iliyomo katika dawa ya kuhifadhia chanjo, ingawa chanjo ya surua haijawahi kuwa na dawa hiyo, na Marekani iliiondoa katika chanjo za kawaida za watoto mwanzoni mwa miaka ya 2000 na idadi ya watoto wanaotambuliwa kuwa na usonji ikaendelea kupanda. Kutoka hapo unahamia kwenye wingi wa chanjo. Anayebishana nao hatua kwa hatua atachoka kabla ya uvumi wenyewe.

Ninalazimika pia kusema kuhusu kliniki. Niliwahi kumuuliza muuguzi mmoja, kwa sauti ndogo, kama ni kweli yasemwayo. Alinijibu mbele ya foleni nzima kwamba tuache mambo ya mitandaoni, akaita jina linalofuata. Alikuwa na akina mama labda 60 asubuhi ile, ninalielewa hilo, lakini nilitoka pale nikiwa na hakika zaidi kwamba kuna kinachofichwa. Yaliwapata pia Wasomali wa jimbo la Minnesota nchini Marekani, ambao wengi wao walipita katika kambi za wakimbizi za Kenya. Mwaka 2008 wazazi walianza kuuliza kwa nini watoto wao wengi wamo katika madarasa ya mahitaji maalumu, na wakati hawajapata jibu la kuwaridhisha, wanaharakati wa kupinga chanjo, akiwemo Wakefield mwenyewe, waliwafuata kwa mikutano. Watoto wao waliopata chanjo ya surua kwa wakati walishuka kutoka asilimia 92 mwaka 2004 hadi asilimia 42 mwaka 2014, na mwaka 2017 surua ikawapata watu 75 katika jimbo hilo, wengi wao watoto wa jamii hiyo.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa mwenye ndugu anayeamini ni huu. Usimjibu ndani ya kundi, kwa sababu mbele za watu atatetea heshima yake badala ya kumfikiria mtoto. Mpigie, au bora zaidi nenda kwake, na uanze kwa kumuuliza habari za mtoto. Kama ana mtoto mwenye usonji, mwambie waziwazi, kabla ya takwimu yoyote, kwamba hakuna alichokula wala saa aliyotoka nje iliyomfanya mtoto awe hivyo. Mimi laiti ningeambiwa hivyo na mtu mmoja tu, nadhani nisingeuhitaji ule ujumbe. Muulize kwa upole kuhusu picha na video za zamani, lakini usimlazimishe kuzitazama, maana zinauma.

Halafu usifiche madhara yaliyo ya kweli. Sindano inaleta maumivu na uvimbe. Chanjo ya surua inaweza kuleta homa au vipele, na homa hiyo kwa kawaida huja kati ya siku ya 7 na ya 12, si siku ya sindano, na kwa watoto wachache homa ikipanda huleta degedege. Mama ambaye hakuambiwa haya akiona homa siku ya nane ataamini kila alichosikia. Mweleze pia surua yenyewe, kwamba mgonjwa mmoja anaweza kuambukiza watu 12 hadi 18 wasio na kinga, na kwamba mlipuko ulioanza mwaka 2019 kwa jirani zetu wa Kongo uliua watu zaidi ya 6,000, wengi wao watoto wadogo ambao chanjo haikuwafikia.

Wifi yangu, mdogo wa mume wangu, alikuwa ameapa kwamba mwanawe hachomwi, na sababu aliyoitoa ni Idrisa. Nilikwenda kwake mara tatu. Mara ya tatu nilimwonyesha video ya kifuniko cha chupa, naye akalia, nami nikalia naye, hatukuzungumza habari za chanjo siku hiyo. Wiki mbili baadaye alinipigia kuniuliza siku za kliniki. Tulikwenda pamoja, nikamshikia mtoto, na tulipokuwa tukirudi nilimwandikia nyuma ya daftari la kliniki tarehe ambazo homa inaweza kuja na kiasi cha dawa ya homa alichotuelekeza muuguzi. Siku ya tisa, saa 4 usiku, simu yangu iliita. "Wifi, ana joto. Ni siku ya tisa leo, si ndiyo uliyoiandika?" Nikamwambia ndiyo, ampe dawa, amvue nguo nzito, na asikate simu mpaka tuone.