Vishikio vya maboya ya kuvutwa na boti: nilipokosea na ninavyovishona sasa

Kazi yangu ni kushona vitu vizito. Maturubai ya malori, viti vya daladala, vivuli vya mabanda ya mama lishe, na kwa kuwa tuko Mwanza, chochote cha majini kinachochanika: kivuli cha mtumbwi wa abiria, kava la injini, jaketi la kuokolea lililofumuka. Siku moja mwenye ufukwe fulani upande wa Ilemela aliniletea boya la kuvutwa na boti, lile la duara ambalo watu wanalalia kifudifudi huku boti inalikimbiza. Tangu hapo maboya hayajaacha kuja, ya duara na yale marefu tunayoyaita ndizi. Karibu kila mara kilichoharibika ni kishikio.

Yule mteja wa kwanza alikuwa na lalamiko moja. Vishikio vilivyokuja na boya vilikuwa vimebana, mgeni wake akachubuka vidole mpaka damu. "Fundi, vilegeze kidogo, na uvikaze visije vikang'oka." Nikamwelewa. Nilichukua mkanda wa siti ya gari, nikaukata mrefu ili mkono wowote uingie bila shida, nikaushona mistari mitatu kila upande kwa uzi mnene. Nilipomaliza nilining'inia kwenye kishikio kimoja kwa uzito wangu wote. Hakikutikisika, nikaona nimefanya kazi nzuri.

Jumapili moja, miezi miwili baadaye, mtoto wa kaka yangu alipanda boya hilohilo. Alikuwa kidato cha tatu, anaogelea vizuri, na jaketi alikuwa amevaa. Kwenye kona boya lilipinduka. Kila mtu alitupwa akaelea, isipokuwa yeye. Mkono wake ulikuwa umepita kwenye kile kishikio changu mpaka juu ya kifundo, na boya lilipogeuka mkanda ukajisokota ukamkaba. Ndani ya boti hapakuwa na mtu aliyepewa kazi ya kutazama nyuma, kwa hiyo aliburutwa mpaka mtu mmoja aliyekuwa ufukweni alipopiga kelele. Alivunjika mfupa mmoja wa mkono wa chini, akakaa na plasta wiki sita.

Nilipokwenda kumwona aliniambia, "Shangazi, sikushindwa kushika. Nilishindwa kuachia."

Maneno hayo yalinikaa. Mimi nilikuwa nimeshona nikifikiria kushika tu. Mkanda haukung'oka, mshono haukufumuka, kila nilichokipima kilikuwa sawa, na bado ni kishikio changu kilichomvunja mtoto. Nimeandika haya kwa ajili ya mafundi wenzangu wanaoletewa kazi hii, wenye fukwe, na mzazi yeyote ambaye mwanawe atapanda boya wiki ijayo.

Nianze na nguvu inayopita kwenye mikono ya mtu, maana watu wengi hawaioni. Boti ikienda moja kwa moja, kushika ni kazi nyepesi. Kona ndiyo yenye matata, kwa sababu boya liko mwisho wa kamba, linazunguka kwa nje, na hukimbia kuliko boti yenyewe. Mchukue mtu wa kilo 70 kwenye kona ambayo toka katikati yake mpaka kwenye boya ni mita 15. Boya likienda kilomita 30 kwa saa na asiwe na kinachomzuia isipokuwa mikono yake, ni sawa na kushikilia mzigo wa kilo 33. Likifika kilomita 45 kwa saa, mzigo huo unakuwa kilo 74, zaidi ya uzito wake mwenyewe. Mwendo umeongezeka kwa nusu tu, lakini mzigo umezidi mara mbili. Hakuna kishikio kitakachomsaidia mtu hapo. Vidole vitafunguka tu, na vinapaswa kufunguka. Swali la fundi ni nini kinatokea sekunde ile vinapofunguka.

Nilichojaribu kwanza, kama ambavyo wengi wangefanya, ni kutafuta kipimo cha katikati: kishikio kisibane sana na kisilegee sana. Nilipoteza wiki kadhaa hapo mpaka bangili zangu zikanifundisha. Bangili ya mwanamke yenye upana wa sentimita 6.5 ina mzunguko wa sentimita 20 na kidogo, na kiganja changu kinapita humo nikikikunja. Sasa pima kiganja cha mwanamume mkubwa: kinakaribia sentimita 10, kwa hiyo kati ya mshono na mshono lazima umpe kama sentimita 12 ili ashike bila kubanwa. Sentimita 12 chini, nyingine 12 au 13 juu, tayari tundu lina mzunguko wa 24, na hujaweka bado nafasi ya vidole. Yaani kishikio chochote kinachomtosha mwanamume kinapitisha mkono wangu wote, na wa mtoto unapita mpaka begani. Kubana na kulegeza hakutatui kitu. Lile tundu lenyewe lazima lizibwe.

Ninavyofanya sasa ni hivi. Upande wa kishikio unaomwelekea aliyelala kwenye boya, nashona ukuta wa turubai kutoka juu ya kava mpaka kwenye kishikio, kote kote. Kinachobaki ni kama mfuko wa suruali uliofunguka upande wa mbele. Mtu anaweka kiganja juu, vidole vinapinda mbele na kuingia chini ya kishikio, vinakuta ukuta. Hapo ndipo mwisho wa safari. Mkono hauwezi kusukumwa kutoka nyuma, na vidole haviwezi kupita hadi kifundo. Chini ya ukuta natoboa matundu mawili ya kutolea maji, madogo kiasi kwamba penseli haipiti. Ukuta wangu wa kwanza niliutengeneza kwa kipande cha wavu wa samaki ili maji yatoke upesi. Nawaomba sana msirudie hilo. Kidole kidogo cha mtoto kinaingia kwenye jicho la wavu na kunasa, na hapo unakuwa umeondoa mtego mmoja ukaweka mingine thelathini.

Jambo la pili ni ugumu. Mkanda mtupu unajisokota, na mkanda uliojisokota ni tanzi. Kwa hiyo napitisha mkanda ndani ya kipande cha mpira wa kumwagilia bustani, ule mgumu, halafu juu yake nazungushia sponji. Sponji bora niliyoipata haikutoka dukani kwa vifaa vya boti bali ni malapa. Malapa mengi yametengenezwa kwa sponji isiyonyonya maji, laini kwa kiganja, na inastahimili. Kwa watu wazima kishikio chote kinafika unene wa sentimita 3.5, kwa watoto 2.5 hadi 3. Unene huu una faida ambayo sikuitarajia: mkanda mwembamba mtu anaunasa kwa vidole vilivyojikunja kama ndoana, na vikishavutwa vinakaa vimefungwa. Kishikio kinene kinamtoka mapema, kabla mkono haujaumia. Kati ya mwisho wa ule mpira na mshono usiache mkanda mtupu zaidi ya sentimita 2. Hizo ndizo zinazojisokota.

Nakuja kwenye kamba. Nimeona boya likiwa na vishikio vya kamba ya nyavu, ile nyembamba ya kijani tunayoijua wote huku mwaloni, imefungwa fundo pande mbili. Kifunguliwe leo hiihii. Kamba ya milimita 6 ikivutwa na mzigo niliousema juu inakata kiganja kama kisu butu, na fundo lake likikazika kwenye maji halifunguki. Kwa hilo sina subira.

Chini ya kishikio, pale migongo ya vidole inapogusa kava, bandika na ushone kipande cha sponji kilichofunikwa kwa kitambaa laini. Yule mgeni wa kwanza aliyechubuka hakuhitaji kishikio kirefu. Alihitaji hicho tu.

Kuhusu mshono: shona kwenye kiraka kipana cha turubai, kiraka ndicho kishonwe kwenye kava, na kila mwisho wa mkanda upate kisanduku chenye msalaba ndani. Tumia uzi wa poliesta. Uzi wa pamba unaozea ziwani, na nailoni ikilowa inapungua nguvu. Mkanda wa siti ya gari ni poliesta pia, ndiyo maana bado nautumia, ila ule uliopauka kwenye gari lililokaa juani miaka usiuguse. Sisi tuko karibu kabisa na ikweta na ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Jua letu linakula plastiki. Boya likilala ufukweni bila kufunikwa, vishikio vinachakaa hata kama hakuna aliyepanda.

Kuna mafundi watakaokwambia uweke velkro, ule utepe wa kunata wa viatu vya watoto wa chekechea, ili kishikio kibanduke chenyewe mkono ukinasa. Wazo ni zuri na nimelifanyia kazi sana. Velkro ina tabia ya ajabu: ukiivuta kwa kuiteleza ubavu inashika vikali, ukiibandua kutoka ukingoni inaachia kirahisi. Ukiilaza upande wa mvuto wa kawaida itavumilia, na kishikio kikipindwa mkono ukiwa ndani kitafunguka. Lakini mchanga na majani ya magugu maji yanajaza vile vinywele, ikishalowa haina nguvu ileile, na baada ya muda hujui tena itaachia wakati gani. Naiweka kwa mteja ninayemwamini kwamba ataisafisha kwa mswaki na kuijaribu kila asubuhi. Kwa wengine naweka ukuta wa turubai peke yake, maana ukuta haumtegemei mtu kukumbuka.

Kupima nafanya mara mbili, siku hizi kwa mambo mawili tofauti. Kwa kushika, naning'iniza mifuko miwili ya saruji, kilo 50 kila mmoja, nalowesha kishikio na kukiacha nusu saa, kisha nakagua kila tundu la sindano. Kwa kuachia, najaza mchanga mkavu kwenye glovu ya kazi, naifunga kwenye mpini wa ufagio iwe kama mkono, naiingiza kwenye kishikio, nageuza boya juu chini na kulizungusha mara mbili. Mpini lazima utoke nikiuvuta kwa mkono mmoja. Rudia kwa glovu ndogo iliyojazwa kiasi cha mkono wa mtoto wa miaka minane. Vishikio vyangu vingi vya mwanzo vilifeli kwa glovu ndogo, si kwa kubwa.

Mahali pa kuviweka nitapita haraka: kila mpandaji awe na viwili, upana wa mabega yake, na vichwa vya watu wawili visiwe karibu kiasi cha kugongana boya likiruka. Kishikio kisikae jirani na pale kamba ya boti inapofungwa. Kamba ikilegea kisha ikakazika ghafla, kidole kilichopo hapo hakitabaki.

Kuna ambayo fundi hawezi kuyashona, na lazima niyaseme. Pete zivuliwe, na bangili, na saa. Pete ikinasa inaweza kuvua nyama yote ya kidole. Mpandaji asijizungushie mkanda mkononi ili "ashike vizuri". Awepo mtu wa pili kwenye boti ambaye kazi yake ni kutazama nyuma tu. Watengenezaji wa Marekani wanaandika kwenye maboya yao mwendo usiozidi kama kilomita 32 kwa saa kwa wakubwa na 24 kwa watoto, na kamba ya mita 15 hadi 20 yenye uwezo wa kuvuta kilo 680 kabla ya kukatika kwa mpandaji mmoja, 1,077 kwa wawili, 1,520 kwa watatu. Hapa kwetu kuna na hatari ya mawe ya ziwani. Nahodha anayejua njia ya boti yake kati ya mawe asisahau kwamba kwenye kona boya linapita mita nyingi nje ya njia hiyo, na mawe ya Mwanza hayaishii pale unapoyaona.

Mtoto wa kaka yangu alipanda tena Desemba iliyofuata. Sikumshawishi, wala sikumzuia. Nilikaa ndani ya boti, nikitazama nyuma. Kwenye kona ya tatu alitupwa, na nikaviona viganja vyake vyote viwili viko wazi hewani kabla hajagusa maji.

Siku hizi napita kwenye zile fukwe asubuhi nikiwa na mkasi mfukoni. Nikikuta kishikio kimefumuka upande mmoja, kimekuwa mkia mrefu, nakikata chote palepale hata kama wageni wamekwisha kupanga foleni. Wenye maboya hukasirika kidogo. Kipya wanakipata jioni ileile.