Programu ya kuandaa pleti: ipe faili zako mbovu kabla ya kuilipia

Muuzaji wa programu ya kuandaa kazi za uchapaji hadi zifike kwenye pleti (bamba linalobeba picha ya rangi moja kwenye mashine) huja na faili zake. Zote zinapita, rangi zinang'aa kwenye kioo cha kompyuta, na mwenye kiwanda anashika kalamu. Usisaini bado. Mpe flashi yenye kazi 10 zilizowahi kukusumbua hapo Mwanza: kadi ya harusi ya CorelDRAW yenye vivuli juu ya picha, kitabu cha shule kilichoandikwa kwa Word, kalenda ya picha za WhatsApp, lebo ya maji yenye nembo nyeupe.

Anza na ile lebo. Mbunifu hugeuza maandishi meusi kuwa meupe akasahau kwamba yaliwekewa amri ya kuchapwa juu ya rangi ya chini bila kuitoboa. Kwenye kioo nembo ipo. Kwenye pleti haipo, maana nyeupe haina wino na bluu ya chini haikuachiwa nafasi. Programu nzuri huligundua kosa hilo, hulirekebisha, kisha huandika kwenye ripoti ilichofanya. Inayorekebisha kimya ni hatari. Inayotoa maonyo mia kwa kila faili nayo haifai: wiki haiishi, fundi ameshaanza kubonyeza "sawa" bila kusoma.

Kwa vivuli, uliza kama inachakata PDF/X-4 (aina ya PDF ya uchapaji inayobeba vivuli bila kuvibana) ilivyo, kama zinavyofanya injini za kuchakata kurasa za Adobe PDF Print Engine na matoleo mapya ya Harlequin. Injini za zamani za PostScript hulazimisha kila kitu kibanwe tabaka moja, na hapo ndipo hutokea visanduku na mistari myembamba kuzunguka kivuli. Picha za WhatsApp hazitibiki. Weka sharti kwamba picha iliyo chini ya nukta 200 kwa inchi isimamishwe hadi mteja alete nyingine. Lengo ni 300.

Upangaji wa kurasa upewe nusu siku nzima. Chukua kijitabu cha A5 chenye kurasa 64, cha kupigwa pini katikati, kwenye mashine ya sentimita 52 kwa 74. Kila upande wa karatasi unabeba kurasa 8, kwa hiyo karatasi ni 4, yaani pande 8, na kwa rangi nne ni pleti 32. Bondi ya gramu 80 ina unene wa karibu milimita 0.1. Mikunjo 16 ya kurasa 4 kila mmoja ikiingizwa mmoja ndani ya mwingine, kurasa za katikati huchomoza nje karibu milimita 1.5, na kisu kinakata hapo hapo. Namba ya ukurasa iliyokaa milimita 5 kutoka ukingoni inabaki na 3.5. Programu lazima isogeze kurasa kidogo kidogo kufuata unene unaouandika wewe. Usiamini kioo: chapa nakala ya majaribio, kunja, piga pini, kata, kisha pima kwa rula.

Sasa tuseme kijitabu hicho ni cha shule, na mwalimu mkuu anapiga simu: namba ya simu kwenye ukurasa wa 12 imekosewa. Kama maandishi ni meusi matupu, inapigwa pleti moja tu. Kama weusi umechanganywa na rangi zote nne, ni pleti nne. Programu inayokulazimisha kurudia 32 itakula faida yako kila mwezi. Basi hakikisha inabadilisha ukurasa mmoja, inakuonyesha pleti iliyoguswa, na inaweza kugeuza maandishi madogo kuwa meusi matupu.

Wino nao una kikomo. Weusi wa Word au Corel ukifika asilimia 400 (jumla ya rangi zote nne) haukauki upesi, hasa masika hewa ya ziwa ikiwa nzito, na karatasi zinachafuana migongo kwenye rundo. Kwa karatasi ya kung'aa, kikomo cha 300 ni salama. Bondi inakunywa wino zaidi, kwa hiyo kila aina ya karatasi iwe na marekebisho yake ya ukubwa wa nukta za wino, la sivyo nyuso za watu zinakuwa nyeusi.

Ikitoa TIFF za biti moja (faili za picha ambazo kila nukta ina wino au haina) kwa nukta 2400 au 2540 kwa inchi, utaweza kubadilisha mashine ya CTP, ile inayochora pleti moja kwa moja kutoka kompyuta, bila kununua programu upya. Uliza pia leseni inavumilia siku ngapi bila intaneti, na kompyuta ikiungua inahamishwaje. Halafu zima umeme ukutani kazi ikiwa katikati, uwashe, uone kama inaendelea au inaanza upya.

Makasha ya minofu ya sangara ni habari nyingine. Hayo huchapwa kwa fleksografia, yaani kwa pleti laini kama mpira, na pleti hizo hurefuka zikizungushwa kwenye silinda, hivyo picha hupunguzwa mapema. Kama unafanya ofseti pekee (uchapaji wa pleti bapa za chuma), usilipie sehemu hiyo. Na kama hufikishi pleti 10 kwa siku, kikaguzi cha PDF na programu ndogo ya kupanga kurasa vinakutosha.

Bakiza sehemu ya malipo hadi kazi zote 10 zipigwe pleti kwenye mashine yako, pale pale Nyakato au Igoma jijini Mwanza, na fundi wako mwenyewe akiwa ndiye anayebonyeza.