Kengele ya gesi iko darini, nifanyeje?

Swali: Fundi, habari za kazi. Nimenunua motahomu (gari la kusafiri na kulala ndani) iliyotumika, urefu wa mita sita hivi. Ina jiko la gesi, friji ya gesi na hita. Darini, juu kabisa ya jiko, kuna kengele moja, na aliyeniuzia alisema inashika moshi na gesi pia. Kila tukikaanga inalia, mpaka mke wangu ameitoa betri. Nataka kufunga mpya. Ninunue ngapi, na zikae wapi? Sisi tunalala kitanda cha nyuma, mtoto analala juu ya kabini ya dereva.

Jibu: Nzuri, ndugu yangu. Kwanza hiyo betri irudisheni leo hii, hata kabla hujaenda dukani. Kelele za kukaanga zina dawa yake, nitafika huko.

Aliyekuuzia ama hakujua, ama alitaka biashara iishe. Kifaa kilichokaa darini hakiwezi kukulinda na gesi ya mtungi, hata kiwe cha bei gani. Unahitaji kengele ya gesi, kengele ya kaboni monoksaidi (gesi ya sumu itokayo kwenye moto usioungua vizuri) na kengele za moshi mbili, kwa sababu mnalala ncha mbili za gari.

Gesi ndiyo inayokosewa zaidi, kwa hiyo nianze nayo. Gesi ya mtungi ni propani au butani: propani ni nzito kuliko hewa karibu mara moja na nusu, butani karibu mara mbili. Mpira ukivuja nyuma ya jiko, gesi haipandi kukufuata puani. Inateremka kama maji, inapita chini ya kabati na kutafuta pahali pa chini kuliko pote, na kwenye magari mengi hapo ni kile kishimo cha ngazi ya mlangoni. Propani ikifika asilimia 2.1 tu ya hewa tayari inaweza kulipuka. Kengele nzuri hulia kabla haijafika hata robo ya kiwango hicho, ila ni lazima iwe kwenye njia ya gesi. Ile ya darini itapata habari wakati sakafu imeshajaa.

Basi ifunge sentimita 10 hadi 30 kutoka sakafuni, kwenye ubavu wa kabati, upande wa jiko na friji. Kabla hujashika drili, piga magoti na tochi uone kama kuna kitu kinachokinga njia kati ya jiko na pale unapotaka kufunga. Niliwahi kuletewa gari ambalo kengele yake ilikuwa kwenye kimo sahihi kabisa, lakini ndani ya kabati la viatu, mlango umefungwa. Gesi ingebidi ibishe hodi.

Usiifunge mlangoni, maana upepo utapeperusha gesi kabla haijaifikia, na miguu itaipiga teke. Vilevile ikae mbali kidogo na matundu ya sakafuni. Matundu hayo yamewekwa ili gesi idondoke nje, na kuna watu huyaziba kwa matambara wakati wa baridi. Yakague ya kwako. Na kwa kuwa kifaa cha chini hula vumbi na manyoya ya mbwa, kipanguse kwa brashi kavu kila mwezi.

Kengele nyingi za gesi za magari hutumia umeme wa volti 12, maana kihisi chake hupashwa moto muda wote. Inayokula miliampea 100 itanyonya takriban ampea-saa 2.4 kwa siku. Ipe waya wake kutoka betri ya nyumba (ile ya taa na vifaa vya ndani ya gari, si ya kuwashia injini) na fyuzi yake, isipitie swichi ya taa. Nimeshaona ikizimwa kila usiku pamoja na taa za jikoni, na mwenye gari hajui.

Kaboni monoksaidi ni adui mwingine. Haina harufu wala rangi, na uzito wake unakaribiana sana na wa hewa, kwa hiyo huchanganyika kote. Hutoka kwenye hita yenye hitilafu, jenereta (hata ya jirani aliyeegesha karibu na dirisha lako), au jiko la mkaa lililoingizwa ndani lipashe joto, jambo ambalo halifai kabisa hata dirisha likiwa wazi. Kengele yake iweke karibu na kitanda, kwenye kimo cha kichwa cha mtu aliyelala, isifunikwe na pazia wala mto. Kama bajeti inaruhusu, mtoto naye awekewe yake kule juu. Kuna vifaa vya pamoja, gesi na kaboni monoksaidi, ambavyo hufungwa chini. Vinafanya kazi, lakini mimi napendelea vitengane, kwa sababu kile cha chini huishia nyuma ya mabegi.

Usishangae kengele ya kaboni monoksaidi ikichelewa kulia. Kwa kiwango cha Ulaya cha EN 50291, ikipata sehemu 50 kwa milioni hulia baada ya dakika 60 hadi 90, lakini zikifika 300 sharti ilie ndani ya dakika tatu. Ukinunua, tafuta iliyoandikwa EN 50291-2, ambayo ni ya magari na mashua. Ya nyumbani haikujaribiwa kwa mtikisiko wa barabara.

Sasa moshi. Huu hupanda, kwa hiyo darini ni sawa, ila si juu ya jiko. Moja iweke kati ya jiko na kitanda chenu, nyingine mbele ya pale anapolala mtoto. Ziepushe na kona ambapo dari inakutana na ukuta, maana hapo hewa husimama, na mbali na tundu la hewa la darini. Katika gari la mita sita huwezi kulikimbia jiko, ndiyo maana nasema nunua ya aina ya mwanga, inayohisi moshi kwa miale, na yenye kitufe cha kunyamazisha kwa muda. Hiyo husumbuliwa kidogo zaidi na mafuta ya kukaangia, na mama ataacha kutoa betri.

Kulia ovyo si mara zote ni ubovu. Mteja mmoja alilalamika kwamba kengele yake ya kaboni monoksaidi humwamsha saa tisa usiku, lakini akiwa ameunganisha umeme wa nje tu. Hita ilikuwa salama, gesi haikuvuja. Nikafungua chini ya kitanda nikakuta betri ya asidi imevimba ubavuni, ya moto huwezi kuigusa. Chaja ilikuwa inaichaji kupita kiasi, betri inatoa haidrojeni, na kihisi cha kaboni monoksaidi huidhania haidrojeni kuwa ndiyo gesi yake. Tulibadilisha betri na chaja, kengele ikanyamaza. Kwa hiyo kabla hujaitukana, tafuta sababu.

Ya gesi ikilia, usiwashe wala kuzima taa, usiguse feni. Fungua milango, toeni watoto, funga mtungi ukiwa nje. Na katika majaribio, bonyeza kitufe tu. Usiipulizie gesi ya kiberiti, kihisi kinaweza kuharibika.

Ukishaitoa ile ya darini, igeuze usome mgongoni. Tarehe ya mwisho ipo hapo. Ya moshi huishi takriban miaka 10, za gesi mara nyingi hazifiki hapo. Nina wasiwasi yako ilishakufa na inalia kwa mazoea. Yatakayobaki ni matundu mawili ya skurubu, yazibe kwa silikoni, lakini fanya hivyo siku mbili tatu kabla ya kufunga kengele mpya ya gesi na uache madirisha wazi. Mvuke wa silikoni mbichi huua kihisi chake.